Eneo Bunge la Embakasi na Uzito wa Kura ya Mjini

Eneo bunge la Embakasi, lililokuwa mojawapo ya maeneo bunge manane ya Nairobi hadi lilipogawanywa kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013, hukumbukwa zaidi kwa kisa cha mbunge wake Melitus Mugabe Were, aliyepigwa risasi langoni mwa nyumba yake usiku wa kuamkia tarehe 29 Januari 2008, na kwa migogoro ya ploti ambayo haikuisha. Kumbukumbu hizo ni za kweli, ila zimewafanya waandishi wengi kuisoma historia ya uchaguzi wa Embakasi kana kwamba ni historia ya wanasiasa wenye jazba na ya makabila yanayohesabiana. Makala haya yanashikilia kwamba kilichoamua mambo Embakasi kuliko mgombea yeyote ni mpaka wenyewe: mpaka uliokaa palepale kwa miongo kadhaa huku watu wakimiminika ndani yake, hata kura ya mkazi wa Dandora au Kayole ikapungua uzito mwaka baada ya mwaka bila sheria yoyote kutungwa ya kuipunguza.

Mpaka huo ulipochorwa, sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa ndani yake ilikuwa mbuga, machimbo ya mawe na mashamba ya mifugo pembezoni mwa uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1958. Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa ya makazi kabla hayajawa ya siasa. Katika miaka ya 1970 Benki ya Dunia iligharimia mradi wa Dandora, uliokuwa wa aina iliyojulikana kama viwanja na huduma, yaani mamlaka ya jiji ilipima kiwanja, ikakiwekea maji, choo na bomba la majitaka, kisha mwenye kiwanja akaachiwa ajenge mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Viwanja vilivyokusudiwa vilikuwa takriban 6,000. Mtaa wa Umoja ulijengwa kwa msaada wa Marekani katika muongo huohuo, na baadaye Kayole ikafuata. Katika miradi yote hiyo wapangaji wa jiji walidhani kila kiwanja kingekaliwa na familia moja au mbili, lakini wenye viwanja waligundua upesi kwamba chumba cha kupangisha hulipa kuliko sebule, wakapandisha nyumba juu, ghorofa kwa ghorofa, mpaka sehemu kama Pipeline zikafikia msongamano ambao hata mitaa ya mabanda ya Mukuru iliyo jirani haiukaribii kwa urahisi. Upande wa mashariki, kampuni za kununua ardhi, mojawapo ikiwa Embakasi Ranching, ziliuza hisa kwa maelfu ya wanachama waliotarajia kugawiwa ploti, na nyingi za ploti hizo zikaja kudaiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kutokana na hayo palizuka makundi mawili ya wapigakura ambayo hayalingani na orodha ya makabila, ingawa hugusana nayo. Kundi la kwanza ni la wenye ploti na wanahisa, ambao kwao mbunge ni mtu wa kusukuma hatimiliki itoke. La pili ni la wapangaji, ambao ni wengi zaidi, wanaohama mara kwa mara, na ambao wengi wao waliendelea kujiandikisha kupiga kura mashambani walikotoka. Mgombea wa Embakasi aliyeelewa hesabu hii alijua kwamba wenye ploti, ijapokuwa ni wachache, ndio wanaofika kituoni siku ya kura wakiwa na kadi za hapohapo. Hii ndiyo sababu suala la ardhi lilitawala majukwaa ya Embakasi katika eneo ambalo wakazi wake wengi hawakuwa na ardhi yoyote.

Orodha ya wabunge yenyewe haihitaji maelezo marefu. Mwaka 1988, katika uchaguzi wa mlolongo ambapo wanachama wa chama tawala cha KANU walipanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao wakahesabiwa hadharani, kiti kilimwendea David Mwenje. Vyama vingi viliporejea, uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992 ulimpa kiti hicho Henry Ruhiu wa FORD-Asili, chama cha Kenneth Matiba, ambacho kilitwaa viti sita kati ya vinane vya Nairobi huku KANU ikiambulia kimoja tu, cha Westlands. Mwenje alirudi mwaka 1997 kwa tiketi ya Democratic Party ya Mwai Kibaki, akarudi tena mwaka 2002 ndani ya wimbi la muungano wa NARC lililozoa viti vyote vya jiji. Kinachopaswa kuangaliwa katika mfululizo huu ni kwamba tangu vyama vingi viruhusiwe hadi KANU inaondoka madarakani, Embakasi haikumchagua mbunge wa chama tawala hata mara moja, na katika muda huohuo mipaka ya maeneo bunge ilipitiwa upya na serikali ikiwa mikononi mwa chama hichohicho.

Katiba ya zamani ilielekeza kwamba maeneo bunge yawe na idadi ya wakazi inayokaribiana kadiri Tume ya Uchaguzi itakavyoona inawezekana, kisha ikaruhusu kuachana na usawa huo kwa sababu za msongamano wa watu, ugumu wa usafiri, sura ya nchi na mafungamano ya jamii. Ruhusa hizo zilikuwa pana kiasi cha kuimeza kanuni yenyewe. Viti vilipoongezwa kutoka 158 hadi 188 kwa ajili ya uchaguzi wa 1988, na kutoka 188 hadi 210 kwa ajili ya ule wa 1997, Nairobi ilibaki na vilevile vinane. Hakuna haja ya kutafuta waraka wa siri unaoeleza kwa nini. Serikali iliyopata kiti kimoja kati ya vinane mwaka 1992 haikuwa na sababu ya kisiasa ya kutaka jiji liwe na kumi na sita, na sheria haikuwa na meno ya kuilazimisha.

Ukubwa wa pengo hilo ulionekana wazi katika sensa ya 2009. Embakasi ilihesabiwa kuwa na watu 925,775, ilhali Lamu Mashariki ilikuwa na watu 18,841, na kila moja ilikuwa na mbunge mmoja mwenye kura moja bungeni. Kwa maneno mengine, wakazi 49 wa Embakasi walihesabika sawa na mkazi mmoja wa Lamu Mashariki. Jiji zima, lililokuwa na watu 3,138,369, yaani zaidi ya asilimia 8 ya Wakenya wote, lilikuwa na asilimia 3.8 ya viti. Tofauti hii haikuishia kwenye heshima ya uwakilishi. Sheria ya mwaka 2003 iliyoanzisha Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, inayofahamika zaidi kwa herufi zake CDF, iliamuru robo tatu ya fedha hizo zigawiwe maeneo bunge yote kwa usawa, na robo iliyobaki ifuate kiwango cha umaskini. Usawa baina ya maeneo, mahali ambapo maeneo yenyewe hayalingani, ni kukosekana kwa usawa baina ya watu: darasa lililojengwa kwa fedha hizo Kayole lilipaswa kutosha watoto wengi mno kuliko darasa kama hilo kwingineko.

Hapa hoja ya upande wa pili inastahili kusikilizwa. Mbunge wa Lamu Mashariki humfikia mpigakura wake kwa mashua, kutoka Faza hadi Kiunga, na jamii ndogo ya visiwani inaweza kupotea kabisa ikiunganishwa na majirani walio wengi, wakati mbunge wa Nairobi huweza kulizunguka eneo lake kwa matatu kabla ya saa sita mchana. Hoja hii ni nzito, lakini ina kikomo, kwa kuwa inahalalisha kumpunguzia mwakilishi wa mbali mzigo wa watu bila kuhalalisha kiwango chochote kile. Tena ina udhaifu mwingine usiotajwa sana: ugumu wa uwakilishi wa mjini hautokani na umbali. Mbunge wa Embakasi aliletewa migogoro ya hati, bomoabomoa, jaa la taka la Dandora na mifereji iliyoziba na watu karibu milioni moja, na ofisi moja haiwezi kuisikiliza hata kama wote wanaishi ndani ya mwendo wa dakika arobaini.

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 na ule mdogo uliofuata vinaeleweka vyema zaidi vikisomwa kwa mwanga huu. Kura za urais jijini ziligawanyika karibu sawa, Kibaki akimtangulia Raila Odinga kwa tofauti ndogo, lakini ODM, chama cha Raila, ilipata viti vitano kati ya vinane, kimojawapo kikiwa Embakasi, alikochaguliwa Were, aliyekuwa diwani. Sheria ya Kenya humpa kiti anayeongoza hata asipofikisha nusu ya kura, na PNU ya Kibaki ilikuwa muungano ambao vyama vyake tanzu vilijisimamishia wagombea wao wenyewe katika sehemu nyingi, hivyo upande mmoja ulijigawa wakati mwingine umeshikamana. Were aliapishwa katikati ya Januari, akauawa wiki mbili baadaye, jambo lililochochea zaidi ghasia zilizofuata uchaguzi huo. Tarehe 11 Juni 2008, vyama viwili vikuu vikiwa tayari vimeketi pamoja katika serikali ya mseto, uchaguzi mdogo ulimpa kiti Ferdinand Waititu wa PNU, aliyewahi kuwa naibu meya wa jiji.

Matokeo hayo mawili, yaliyopishana kwa miezi isiyotimia sita, yamefasiriwa kuwa ushahidi wa kabila moja kulishinda jingine. Tafsiri hiyo inasahau kwamba wapigakura walikuwa walewale. Katika eneo dogo lenye jamii inayofanana, kuyumba kwa kura chache hakubadilishi kitu. Katika eneo la ukubwa wa Embakasi, lenye kambi mbili zinazokaribiana kwa nguvu, kugawanyika kwa kambi moja kulitosha kuwanyima mamia ya maelfu ya watu mwakilishi waliyemtaka, na kuungana kwake kulitosha kuwanyima wengine. Kiti kimoja kiligeuka kuwa kitu cha kufa na kupona kwa sababu kilikuwa kimoja.

Katiba ya 2010 ilibadilisha sheria ya mchezo. Ibara ya 89 iliweka viti 290 na kipimo kinachoweza kuitwa kigawanyo, yaani idadi ya Wakenya wote ikigawanywa kwa idadi ya viti, ambacho kwa sensa ya 2009 kilikuwa watu 133,138. Eneo bunge la kawaida liliruhusiwa kukipita au kukipungukia kwa asilimia 30, na la jiji au la sehemu yenye watu wachache kwa asilimia 40. Tume ya muda iliyoongozwa na Andrew Ligale ilianza kazi ya kugawa, ripoti yake ikazua mabishano makali, na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikaikamilisha mwezi Machi 2012. Nairobi ikapata viti 17. Embakasi ikawa maeneo matano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi, majina ya dira yasiyomwambia mgeni lolote, na ambayo mkazi wa Umoja huyasikia tu wakati wa kampeni.

Mgawanyo huo ulishangiliwa kama ushindi wa jiji, lakini hesabu inaonyesha jambo jingine. Kikomo cha juu cha eneo bunge la jiji kilikuwa watu 186,394. Ukigawanya watu wa Embakasi kwa kikomo hicho unapata 4.97, na ukigawanya watu wa Nairobi nzima unapata 16.8; maana yake ni kwamba matano na kumi na saba ni idadi ndogo kabisa ambazo sheria ingekubali. Kwa kigawanyo chenyewe, Embakasi ilistahili karibu viti saba na jiji zaidi ya ishirini na tatu. Ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya dharura iligeuzwa lengo, na sababu yake si siri: masharti ya mpito yalikataza eneo bunge lolote lililokuwapo kufutwa katika mapitio ya kwanza, kwa hiyo maeneo 27 yasiyofikia hata kikomo cha chini yakahifadhiwa, na viti vyao vikatoka katika fungu la wengine.

Hata hivyo, mgawanyo uliifunua Embakasi iliyokuwa imefichwa na kiti kimoja. Mwaka 2013 Kaskazini, Kati na Magharibi zilichagua chama cha TNA, Mashariki ikachagua ODM, na Kusini, yenye Pipeline na vijiji vya Mukuru, ikamchagua Irshad Sumra wa ODM. Miaka minne baadaye Kusini ikahamia kwa Julius Mawathe wa chama cha Wiper, aliyekitetea kiti hicho katika uchaguzi mdogo wa Aprili 2019 baada ya mahakama kubatilisha ushindi wake wa kwanza. Vyama visivyopungua vitatu ndani ya mpaka wa zamani, katika chaguzi mbili tu, ni dalili kwamba kile kilichodhaniwa kuwa ngome ya huyu au yule kilikuwa mitaa mingi yenye mielekeo yake.

Sensa ya 2019 ilikuta Nairobi ina watu 4,397,073 na nchi ina 47,564,296. Kigawanyo kimepanda hadi 164,015, na wastani wa eneo bunge la jiji umefikia 258,651, yaani asilimia 57 na zaidi juu ya kigawanyo, nje kabisa ya kikomo cha Katiba. Muda wa miaka 12 ambao Katiba inaruhusu kati ya mapitio mawili ulipita Machi 2024 wakati Tume haina makamishna. Kwa hesabu ileile ya kima cha chini, Nairobi sasa haiwezi kuwa na viti pungufu ya 20, na kwa kuwa viti 290 haviongezeki bila kurekebisha Katiba, vile vitatu vya ziada itabidi vitoke mahali fulani. Na ulinzi uliotolewa kwa maeneo madogo mwaka 2012, likiwemo la Lamu Mashariki, ulikuwa wa mapitio ya kwanza peke yake.