Mwaloni wa Shekemu na Shoka la Bonifatius

Katika dini nyingi za kale mti mkubwa ulihesabiwa kuwa mahali ambapo mbingu na nchi hukutana. Wagiriki walisikiliza sauti ya Zeus katika majani ya mwaloni wa Dodona. Wakanaani walisimamisha Ashera karibu na madhabahu zao. Swali letu ni hili: Je, Kanisa likiukuta mti wa namna hiyo, liukate au liupokee?

Agano la Kale lina majibu mawili. Abramu alipofika Shekemu, penye mwaloni wa More, Bwana alimtokea, naye akajenga madhabahu pale pale (Mwa. 12:6–7). Huko huko Yoshua alisimamisha jiwe la ushuhuda chini ya mwaloni (Yos. 24:26). Lakini Torati yakataza kupanda Ashera kando ya madhabahu ya Bwana (Kum. 16:21), na mfalme Yosia aliitoa hekaluni akaiteketeza (2 Fal. 23:6). Tofauti haimo katika mti, bali katika yule anayeitwa chini yake.

Historia ya misheni ilirithi majibu yote mawili. Karibu na mwaka 723 Bonifatius aliukata mwaloni wa Donar, mungu wa radi, huko Geismar katika nchi ya Hesse. Willibald, aliyeandika habari za maisha yake, asimulia kwamba wapagani waliokuwa wakimlaani waliacha laana zao wakaamini. Lakini mbao za mti ule ule zilijenga nyumba ya sala ya Mtakatifu Petro.

Baada ya karne nyingi Wajerumani nao walileta Injili Kilimanjaro. Bruno Gutmann, aliyefika Uchagani mwaka 1902, alifundisha kwamba vifungo vya ukoo na ujirani ni vipawa vya Mungu, visivunjwe. Kifungo kimojawapo huonekana katika isale, mmea ambao Wachaga huupanda mipakani mwa vihamba. Aliyekosa humpelekea mwenzake jani lake kuomba msamaha. Je, mchungaji anayewapatanisha ndugu waliogombania kihamba alikatae jani hilo?

Naona asilikatae. Ila hapana budi afundishe kwamba msamaha hautoki katika jani, bali katika ule mti ambao juu yake Kristo alizichukua dhambi zetu (1 Pet. 2:24). Jani likiwaleta ndugu mbele za Kristo, na lipokelewe. Likiogopwa kana kwamba lina nguvu yake lenyewe, hapo shoka bado lina kazi.