Kumbikumbi katika Hadithi za Njia ya Misafara

Mtu aandikapo hadithi ya misafara ya Tabora haachi kutaja pembe za ndovu, shanga na kaniki. Hutaja na miembe, kwa kuwa miembe bado ipo. Lakini wapagazi wake ni nadra kuwaona wakila, na wakila, ni ugali mtupu. Jambo hili si dogo. Burton na Speke walikwenda siku 134 kutoka pwani hata Kaze, na mtu aliyetwikwa frasila mbili kichwani kwa muda kama huo hakuchagua sana cha kutia kinywani.

Basi njia ile ilikuwa na nini? Unyamwezi ni nchi ya miombo, yenye nyuki na vichuguu. Zinyeshapo mvua za kwanza, yapata Novemba, mchwa wenye mbawa hutoka ardhini kwa maelfu. Watu hufunika kichuguu kwa majani, wakaacha tundu moja na kuwasha moto karibu yake. Kumbikumbi hufuata mwanga, wakaanguka katika shimo lililowangoja. Hukaangwa bila mafuta, kwani mafuta wanayo wenyewe, kisha hupepetwa kwa ungo mbawa zipeperuke. Wakianikwa vema hukaa siku nyingi, nao ni wepesi kubeba. Mpagazi angetaka nini zaidi? Wazungu wale wawili waliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, karibu na majira yenyewe. Mtunzi atakaye kuonyesha mwezi huo bila kuutaja na awamwage kumbikumbi uani.

Ila asiwamwage ili msomaji achefuke. Livingstone, aliyekaa Kwihara mwaka 1872, alikuwa amekwisha kusimulia katika kitabu chake cha 1857 habari za mkuu mmoja wa kusini mwa Afrika aliyeonjeshwa jamu ya matunda. Mkuu yule hakustaajabu. Alimwuliza mgeni wake kama amepata kuonja mchwa. Katika hadithi zetu sauti kama hiyo, ya mlaji anayejivunia chakula chake, haisikiki mara nyingi. Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, hakuona haya kueleza kwa kirefu chakula, pombe na dawa za kwao. Lakini Kitereza alikuwa mmoja.

Nadhani kimya hiki chatoka pwani. Katika madhehebu ya Shafii nzige ni halali, tena bila kuchinjwa, bali wadudu walio wengi wamekatazwa. Hivyo sahani ikawa mpaka baina ya aliyejiita mwungwana na yule aliyemwita mshenzi. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, asimulia vita na pembe kwa kirefu, jikoni haingii. Nao ni upungufu, kwa kuwa Muhammed bin Juma, babaye, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Siwezi kuamini kwamba katika nyumba ile, mvua ilipoanza, hakuna aliyeleta ungo. Nani alikula, nani aligeuza uso, na watumishi walimtazama nani kwanza? Mwanahistoria hana la kujibu hapa. Mtunzi wa hadithi analo, naye mpaka leo amepita mlango ule pasipo kubisha hodi.