Mlango wa Kwanza wa Shule

Karibu na mlima Elgon iko miji miwili, Kitale na Bungoma. Mtu akitoka mmoja asubuhi kwa gari hufika wa pili kabla ya adhuhuri. Lakini miji hii haikukua kwa njia moja, wala watoto wake hawakuingia shuleni kwa mlango mmoja. Mwenye kutaka kujua kwa nini mtoto wa maskini mjini huachwa nyuma na wenzake, na aanze na habari za ardhi na kodi.

Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Waingereza iliwagawia Wazungu mashamba ya Trans-Nzoia, na katika mwaka wa 1926 reli ikafika Kitale kuchukua mazao yao. Mjini palijengwa shule ya bweni ya watoto wa walowezi, na tangu mwaka wa 1942 elimu ikawa ya lazima kwa watoto wa Kizungu katika Kenya. Waafrika waliolima mashamba hayo, wengi wao wakitoka upande wa Bungoma, hawakuwa na ardhi huko. Mtoto wa kibarua alisoma ikiwa tu mwenye shamba alikubali shule isimame katika shamba lake.

Bungoma mambo yalikuwa mengine. Ardhi ilibaki mikononi mwa wenyeji. Wamisheni wa Kanisa la Marafiki na wa Kikatoliki walipotaka kufungua shule, wazee walitoa viwanja, na watu wakafyatua matofali. Halmashauri ya wenyeji ya Kavirondo ya Kaskazini, ambayo Bungoma ilikuwa sehemu yake, ilitoza kodi ya elimu juu ya kodi iliyokwenda serikalini. Basi Mwafrika alilipa mara mbili, na juu ya hayo fedha za serikali zilipogawanywa kwa rangi, mtoto wake alipata fungu dogo kuliko wote.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitaka shule zote ziwe katika mpango mmoja wa taifa, bila ubaguzi wa rangi. Lakini fedha hazikutosha, na wananchi wakaitikia mwito wa Harambee. Vijijini shule nyingi zilisimama kwa njia hiyo. Wenye kiwanja walitoa kiwanja, wenye ng'ombe wakatoa ng'ombe, na asiye na kitu alitoa nguvu zake.

Hapa ndipo maskini wa mjini alipoachwa. Tazama mtaa wa Kipsongo ulio Kitale, ambamo waliingia Waturkana wengi waliokimbia ukame na wizi wa mifugo. Watu hawa walikuwa na nguvu, lakini hawakuwa na kiwanja cha kutoa wala ng'ombe wa kuuza. Mkono mtupu haulambwi. Harambee ilimsaidia mwenye kidogo, nayo ikampita asiye na chochote.

Mwezi wa Januari, 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi, ikatenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani nchini. Hata hivyo fedha hizo zilianza kuhesabiwa darasa la kwanza. Chekechea iliachwa kwa wazazi, kama ilivyokuwa tangu zamani. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: wazazi wengine maskini waliwaondoa watoto wao chekechea, wakawaweka nyumbani kungojea darasa la bure. Mtoto huyo alipofika darasa la kwanza, alimkuta mwenzake anajua herufi na tarakimu tayari. Mbio zilikuwa zimekwisha kuanza.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilimpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kazi ya chekechea ikawekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Tangu mwaka wa 2013 Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinapaswa kuajiri walimu wa watoto wadogo na kuwajengea madarasa. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini darasa huhitaji kiwanja, na palipo na vibanda vilivyobanana, kiwanja ni ghali. Tena mtoto aliyelala njaa hafundishiki bila uji, na uji huo mahali pengi bado hulipiwa na mzazi.

Hivyo basi, msomaji, kumpa kila mtoto shilingi zile zile si lazima iwe ni haki. Shule yenye majengo ya miaka sitini na shule isiyo na kuta haziwezi kulingana kwa kupewa sawasawa. Wakoloni walimwongezea aliyekuwa nacho. Harambee ilimtaka kila mtu aje na chake. Kazi iliyobaki ni kuanza na yule asiye na cha kuleta, naye apokewe mlango wa kwanza, kwa maana samaki hukunjwa angali mbichi.