Mlalo wa nyuzinyuzi: istilahi kwa wakunjaji karatasi

Anayetafuta karatasi ya origami huulizia mambo mawili, uzito na rangi, na wauzaji wa steshenari wana majibu ya yote mawili. Karatasi ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Ile ya Kijapani ya miraba ya sentimita 15, yenye rangi upande mmoja na nyeupe upande wa pili, huwa nyepesi kuliko hiyo. Manila ni nzito kuzidi zote mbili. Lakini lipo jambo la tatu ambalo halionekani kwa macho wala halipandishi bei, nalo ndilo linaloamua kama mkunjo utakaa mnyofu au utapasuka mgongoni: nyuzinyuzi za karatasi zimelala kufuata upande gani. Wapiga chapa na wajalidi wa vitabu wa lugha nyingi wana jina la jambo hilo. Sisi nasi tunalihitaji, na napendekeza tuliite mlalo wa nyuzinyuzi.

Karatasi ni nyuzinyuzi za mimea zilizotawanywa majini, zikachujwa juu ya wavu, kisha zikashikana zilipokauka. Kwa karne nyingi wavu huo ulikuwa umewambwa kwenye kiunzi alichokishika fundi kwa mikono, na katika viwanda vya Ulaya alikitikisa mbele na nyuma, kulia na kushoto, ili nyuzinyuzi zichanganyike zisiegemee upande mmoja. Mwaka 1799 Mfaransa Louis-Nicolas Robert alipata hataza ya mashine yenye wavu usio na mwisho, unaozunguka bila kusimama. Ndugu wawili wa ukoo wa Fourdrinier, wafanyabiashara wa karatasi wa London, waliigharamia, na mhandisi Bryan Donkin akaifanyia kazi hadi ikawa mashine ya kutegemewa. Hadi leo aina hiyo ya mashine huitwa kwa jina la ukoo huo. Rojo jepesi likimwagwa juu ya wavu unaokimbia, nyuzinyuzi nyingi hugeuka zikafuata mwendo wake, kama magogo yanavyojipanga mtoni. Hazigeuki zote, ila zinatosha kuifanya karatasi iwe na tabia mbili, moja kwa urefu wa nyuzinyuzi na nyingine kwa kuzikatiza.

Tabia ya kwanza huonekana kwenye mkunjo. Ukikunja sambamba na nyuzinyuzi, mkunjo hupita katikati yake, ukawa mwembamba na mnyofu. Ukikunja kwa kuzikatiza, unazilazimisha kupinda moja moja: karatasi hubisha, mkunjo huwa mnene, na kama karatasi ni nzito, uso wake hupasuka na rangi nyeupe ya ndani ikachungulia. Katika karatasi ya gramu 60 tofauti ni ndogo, mtu anaweza asiihisi. Katika manila haifichiki.

Tabia ya pili huja na maji. Unyuzi mmoja ukilowa hunenepa sana, lakini hauongezeki urefu ila kidogo mno. Kwa hiyo karatasi iliyolowa hutanuka kwa kuukatiza mlalo wake, na kwa kuufuata hubaki karibu vile vile. Jambo hili linawahusu sana wanaofuata njia ya Akira Yoshizawa (1911–2005), Mjapani aliyebuni ukunjaji wa karatasi nzito iliyoloweshwa, ili wanyama wake wapate miili ya mviringo badala ya bapa. Mraba uliopimwa vizuri ukiwa mkavu hauwi tena mraba ukilowa, kwa kuwa pande mbili zimerefuka na mbili hazikurefuka. Ndiyo sababu wanaoikunja namna hiyo hupitisha kitambaa chenye unyevu tu, tena nyuso zote mbili, wala hawaitosi karatasi majini.

Sasa jina. Wajapani husema kami no me, yaani jicho la karatasi, na neno hilo la jicho hulitumia pia kwa mistari ya mbao. Wajerumani husema Laufrichtung, upande wa kukimbia, jina lililotazamwa kutoka kwenye mashine. Waingereza wamechukua neno lao la punje ya nafaka, ambalo kwanza lilihamia kwenye mbao na baadaye kwenye karatasi. Mfasiri wa Kiswahili akilifuata neno hilo la mwisho ataandika punje ya karatasi, na msomaji atadhani anaambiwa habari za ukwaru.

Kiswahili kina maneno mawili mazuri sana ya ufumaji, mtande na mshindio. Mtande ni nyuzi zinazotandwa kwanza, mshindio ni zile zinazopitishwa kuzikatiza. Nimeyafikiria kwa muda mrefu, kwa sababu fundi cherehani yeyote anajua kuwa kitambaa hukatwa kwa kuangalia nyuzi zimekwendaje. Hata hivyo hayafai. Kitambaa kina safu mbili za nyuzi zilizosokotwa na kupishana kwa mpango. Karatasi haikufumwa, na hakuna mshindio ndani yake. Jina lingemfundisha mwanafunzi kitu ambacho hakipo.

Mwelekeo wa nyuzi ndilo pendekezo ambalo wengi wangelitaja kwanza, nami naona lina kasoro mbili. Mwelekeo una kichwa na mkia: gari likielekea Dodoma haliwi sawa na gari linalotoka Dodoma. Nyuzinyuzi za karatasi hazielekei kokote. Ukiigeuza karatasi juu chini, mlalo wake ni ule ule. Kasoro ya pili ni neno nyuzi lenyewe. Katika hesabu nyuzi ni kipimo cha pembe, na maelekezo ya origami yamejaa pembe. Mwanafunzi akiambiwa akunje kwa nyuzi 45 kisha azingatie mwelekeo wa nyuzi, tumemchanganya bila sababu. Nyuzinyuzi, neno ambalo watu wamekwisha kulizoea katika habari za lishe, halina mgongano huo, na linasema sawasawa kwamba ni vitu vyembamba vya mmea visivyosokotwa.

Mlalo, kwa upande wake, unaeleza kilichotokea kweli: nyuzinyuzi zililala juu ya wavu. Tena unatupa kitenzi. Tunaweza kusema karatasi hii imelala kwa urefu, ile imelala kwa upana. Tunaweza kusema kukunja kwa kufuata mlalo na kukunja kwa kukatiza mlalo. Nisingesema kinyume cha mlalo, kwa kuwa kinachokusudiwa ni kukata njia, wala si kurudi nyuma. Pingamizi moja nalikubali: mlalo peke yake humaanisha pia mstari ulalao, kinyume cha wima, na jirani yake ulalo limeshachukuliwa na hesabu kwa mstari wa kona hadi kona. Kwa hiyo istilahi itajwe nzima mara ya kwanza, mlalo wa nyuzinyuzi, ndipo ifupishwe.

Kuutambua mlalo hakuhitaji chombo. Ipinde karatasi bila kuikunja, iwe nusu bomba, kisha ibonyeze kwa kiganja taratibu. Igeuze robo mzunguko, urudie. Upande unaobisha kidogo ndio ambao mgongo wa mpindo uko sambamba na mlalo. Kuchana nako husema kweli: karatasi huchanika karibu mstari mnyofu ikifuata mlalo, na huenda upogo ikiukatiza, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuchana gazeti pande zote mbili. Jaribio la uhakika zaidi ni la maji. Kata kipande kidogo, kiweke alama ujue kilitoka upande gani, kisha kiloweshe uso mmoja tu. Kitajikunja kiwe bomba, na urefu wa bomba hilo ndio mlalo. Karatasi ya A4 inafaa sana kwa kazi hii. Ina milimita 210 kwa 297, kwa hiyo ukitoa mraba hubaki ukanda wa milimita 87 ambao wengi huutupa. Huo ndio wa kujaribia. Baada ya kujua, piga mstari mwepesi wa penseli nyuma ya mraba, maana mraba ukishakatwa umbo lake halikwambii tena chochote.

Je, mlalo uwekwe wapi? Inategemea umbo. Feni au kitu chochote chenye marinda mengi sambamba kikunjwe marinda yakifuata mlalo, la sivyo yatafumuka. Korongo yule maarufu ana afueni: shingo na mabawa yake hutegemea sana mikunjo ya ulalo, na ulalo zote mbili za mraba ziko digrii 45 kutoka kwenye mlalo, kwa hiyo hubisha sawasawa. Katika maumbo ya vipande vingi, kama mchemraba wa vipande sita vya Mitsunobu Sonobe, miraba yote ianze ikiwa imelala upande mmoja. Vinginevyo kipande kimoja kitakuwa kigumu na jirani yake laini, na kiungo kitaachia hapo.

Washi, karatasi ya mkono ya Kijapani, haijasalimika na mlalo kama inavyodhaniwa. Katika njia ya nagashizuki fundi huyapitisha maji yenye nyuzinyuzi juu ya wavu wake tena na tena, zaidi mbele na nyuma, na nyuzinyuzi hufuata mkondo huo. Kinachoiokoa ni urefu wa nyuzinyuzi zake. Nyuzinyuzi za kozo, mti wa jamii ya mforosadi, hufikia takribani milimita 10, wakati za misonobari ni kama milimita 3. Nyuzinyuzi ndefu zilizoshikana hivyo huvumilia kukunjwa na kukunjuliwa upande wowote, kwa hiyo kwa kazi ngumu yenye mikunjo mingi washi ya kozo inastahili bei yake, hata ikiwa ya kuagizwa kutoka mbali.

Asiyeweza kuagiza aanze na karatasi ya kaki, ile ya bahasha. Nyuzinyuzi zake huwa ndefu kwa sababu nyingi hutokana na misonobari, na husamehe zaidi kuliko ya fotokopi. Manila aiache kwa maumbo yenye mikunjo michache, na kabla ya kulipa aipinde kidogo pande zote mbili pale pale kaunta.