Piano Ijipigayo Yenyewe

Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio X alikataza piano kanisani, pamoja na ngoma. Mwaka 1904, huko Freiburg katika Ujerumani, Edwin Welte na Karl Bockisch walitoa mashini yao Welte-Mignon, iliyopiga piano pasipo mtu. Hakuna aliyeyapanga mambo haya mawili yafuatane. Lakini yanatuhusu sisi tunaotunza uimbaji.

Kabla yake Edwin Votey alikwisha kutengeneza Pianola huko Detroit, Marekani, mwaka 1895. Karatasi ndefu yenye matundu ilizunguka, upepo ukapita matunduni, na vidole vya mti vikabonyeza piano. Lakini mtu alikaa akikanyaga mivukuto, na mwendo wa wimbo aliuongoza yeye. Welte alifanya zaidi: mashini yake ilishika hata mguso wa mpigaji, nguvu na upole wake. Saint-Saëns aliipigia mwaka 1905; akafa mwaka 1921, na karatasi zake zapigika hata leo.

Radio na gramofoni, kisha shida ya fedha ya 1929, ziliziangusha mashini hizo. Zikarudi kwa njia ya namba. Mwaka 1983 watengenezaji walipatana juu ya lugha moja, MIDI, iandikayo nguvu ya kila sauti kwa daraja 127. Yamaha ikatoa Disklavier. Steinway ikatoa Spirio mwaka 2015, yenye daraja 1020 kwa mwendo wa nyundo. Sumaku za umeme husukuma vibonyezo, nyundo zikapiga nyuzi za kweli. Basi hatusikii sauti iliyohifadhiwa: piano yenyewe inalia mbele yetu.

Je, inaweza kuongoza wimbo wa Misa? Roma ilijibu tarehe 3 Septemba 1958: kinanda kijipigacho chenyewe kilikatazwa katika liturujia, hata kwa kusaidia waimbaji tu. Mtaguso, mwaka 1963, ulifungulia mlango vyombo vingine, na ngoma zetu zikaingia. Wengine wangependa kupitisha na mashini mlango huohuo. Mimi sikubali: Mtaguso ulisema juu ya vyombo, si juu ya kumwondoa mpigaji. Yeye husikia watu, hungoja padri.

Vinanda vingi vya umeme vina kifungo cha kupiga wimbo uliokwisha kutiwa ndani. Katika parokia moja nilimwona mpigaji akikibonyeza, akakunja mikono. Kinanda kilipomaliza wimbo, watu walikuwa bado katika shairi la tatu.