Nyota Mbili Karibu na Msalaba

Jioni ya mwezi wa tano, mawingu yakiondoka, sisi watu wa Bungulu tukisimama uani na kuelekea kusini twauona wazi Msalaba wa nyota nne. Kushoto kwake ziko nyota mbili kubwa. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba yaitwa Alfa Sentauri. Kwa macho ni nyota moja. Lakini, wasomaji wapenzi, ni mbili.

Aliyeligundua jambo hilo alikuwa padri mmisionari. Desemba 1689 Padri Jean Richaud, Mjesuiti Mfaransa, alikuwa Pondicherry katika nchi ya India, akiangalia nyota yenye mkia kwa darubini. Ndipo akaiona Alfa Sentauri imegawanyika. Je, zilikuwa jirani kweli, au moja ilikuwa mbali nyuma ya nyingine, kama mti wa kiambazani petu na mlima Ruwenzori nyuma yake? Jibu lilingoja zaidi ya miaka mia. Mwaka 1803 William Herschel, huko Uingereza, alieleza kwamba nyota pacha alizozipima kwa miaka mingi huzungukana. Hizi zetu za kusini humaliza mzunguko kwa miaka 80 hivi: atakayeuona mmoja mzima amekwisha kuwa mzee.

Wala si kwamba moja imekaa na mwenzake aizunguka. Watazameni watoto wawili walioshikana mikono wakizunguka upesi: mzito huenda duara dogo, mwepesi duara kubwa, na wote wawili wanakwenda. Mikono ya nyota ni uvutano.

Sasa twende pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, nchi hiyo ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi, ikichukua chombo cha Wamarekani. Kwa heshima ya sikukuu hiyo kikaitwa Uhuru. Pale ni karibu na ikweta, ambapo dunia kwa kuzunguka kwake huisaidia roketi. (Bungulu ni karibu zaidi, ila bahari hatuna.) Uhuru kilitafuta miali ya eksirei, kama ile ya hospitali, ile itokayo mbinguni huzuiwa na hewa isitufikie.

Kulia kwa Msalaba kiliona kitu kinachopiga kama moyo, kila sekunde 5 kasoro kidogo. Lakini kila siku 2 na saa 2 hivi mapigo yalipotea karibu nusu siku, kisha yakarudi. Tena yalisongamana kitu kile kilipotujia, yakaachana kilipokwenda mbali. Basi wataalamu wakafahamu: kilikuwa kikipita nyuma ya nyota kubwa. Ni mabaki ya nyota iliyolipuka. Upana wake haufiki nusu ya njia ya Beni mpaka Butembo, lakini kwa uzito chalipita jua. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Na Alfa Sentauri? Mwaka 1915 Robert Innes, huko Johannesburg, aligundua ndugu yao wa tatu, mdogo mno, asiyeonekana kwa macho matupu. Yeye huwazunguka wale wawili kwa miaka zaidi ya laki tano.