Mlango, si bandari

Neno «port», ambalo fundi wa kompyuta wa Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, hulipokea kupitia Kifaransa, linaweza kufasiriwa kuwa bandari, kitu ambacho miji hiyo hukijua kwa mizigo ya Mombasa inayopitia mpaka wa Kasindi. Hata hivyo, neno mlango linafaa zaidi, kwa kuwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuitoa kwa wanaoiomba, hungoja wageni kwenye milango yenye namba, 80 kwa mawasiliano ya wazi na 443 kwa yale yaliyofichwa kwa msimbo. Tovuti ya seva ya nyumbani ikifunguka ndani lakini ikakataa nje, mara nyingi ruta, yaani kifaa kinachounganisha nyumba na intaneti, haijaelekezwa kumpeleka mgeni wa mlango wa 443 kwenye kompyuta inayohusika. Penye intaneti ya simu tatizo huwa zito zaidi: namba za mwanzo za anwani ya intaneti iliyopewa ruta zikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mteja yumo katika ua mmoja na majirani wengi wanaochangia anwani moja ya nje, na lango la ua huo (hapa Kiswahili kinafaidika kwa kutenga lango na mlango) linashikwa na kampuni, hivyo mlango wa nyumba hata ukiachwa wazi mchana kutwa, mgeni hafiki.